Hifadhi ya Milima ya Udzungwa: Tathmini ya Safari ya Miguu kwa Mtalii wa Ndani

Gharama kubwa ya kutembelea hifadhi za taifa nchini Tanzania haiko getini. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, na katika hifadhi nyingi kiasi chenyewe ni kile ambacho mfanyakazi wa kawaida anaweza kukitoa bila kukopa. Kinachomkwamisha ni gari. Ukienda Serengeti au Ruaha bila gari lililoinuka, dereva anayezijua njia na mafuta ya kuzunguka kutwa nzima, utaishia kupiga picha kwenye ubao wa getini na kurudi ulikotoka. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa inavunja utaratibu huo, kwa sababu ndani yake hakuna barabara za magari ya watalii. Kila anayeingia, awe ameshuka kwenye basi la Ifakara au kwenye gari la kukodi lenye kiyoyozi, hupanda kwa miguu yake mwenyewe, na familia isiyo na gari huona kilekile anachokiona mgeni aliyelipa maelfu ya dola. Kwa kigezo hicho, na kwa vingine nitakavyovieleza, naiona kuwa ndiyo hifadhi inayomfaa zaidi mtalii wa ndani anayeishi Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma, mradi awe na magoti mazima na asiwe na haraka.

Ni vyema kwanza kuondoa matarajio yasiyo yake. Anayetaka kuona simba amelala chini ya mti, au msururu wa nyumbu, na ashukie Mikumi. Udzungwa ni msitu wa mlimani. Ilianzishwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990 zilizogawanyika kati ya mikoa ya Morogoro na Iringa, na ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ile safu ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kupitia Upare, Usambara, Nguru na Uluguru kabla ya kufika huku kusini. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zimeinyeshea milima hii kwa mamilioni ya miaka, hata misitu yake ikadumu katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, na viumbe waliobaki humo wakatengana na jamaa zao wa kwingine na kushika njia yao wenyewe. Jambo la pekee ni kwamba hapa msitu unapanda karibu bila kukatika, kutoka ukingoni mwa bonde kwenye mita kama 250 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000, wakati katika milima mingi ya Afrika Mashariki sehemu ya chini ilishafyekwa zamani kwa ajili ya mashamba. Kilele cha juu kabisa, Luhombero, kinakaribia mita 2,600. Tembo, nyati na chui wamo, lakini hukaa ndani na juu, na mgeni wa siku moja ana nafasi kubwa zaidi ya kukanyaga kinyesi cha tembo kuliko ya kumwona tembo mwenyewe.

Makao makuu ya hifadhi yako Mang'ula, kilomita kama 60 kutoka mji mdogo wa Mikumi, kando ya barabara iendayo Ifakara. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kupanda basi la Ifakara alfajiri katika kituo cha Magufuli, Mbezi, akashuka Mang'ula bila kubadilisha gari. Mimi napendelea kuikata safari vipande viwili: treni ya umeme ya SGR, ambayo imekuwa ikibeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tangu Juni 2024, humfikisha mtu Morogoro kwa muda usiofika saa mbili bila foleni ya Kibaha wala malori ya Chalinze, kisha kutoka Msamvu hupatikana mabasi ya kuelekea Kilombero. Baada ya hapo barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na abiria wa basi hupata utalii ambao hakuulipia: twiga wakivuka kwa mwendo wao wa madaha, pundamilia, makundi ya swala pala, na wakati mwingine tembo karibu kabisa na lami. Pembeni kuna ubao unaotaja faini ya kumgonga kila mnyama, kwa dola za Marekani, na tulipopita abiria wenzetu walisahau wanyama wenyewe wakaanza kubishana juu ya bei zao.

Kutoka Mikumi barabara inachepuka kusini hadi Kidatu, inavuka mto Ruaha Mkuu, kisha inaingia katika mashamba ya miwa. Hapo ndipo nashauri abiria awe amekaa upande wa kulia wa basi, kwa kuwa milima inasimama upande huo ghafla, ya kijani kibichi hadi juu, huku upande wa kushoto bonde la Kilombero likiwa tambarare. Waliowahi kupita huku miaka ya nyuma wanakumbuka vumbi la kiangazi na matope ya masika. Sasa lami imewekwa kutoka Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, na safari iliyokuwa ikimchosha mtu kabla hata hajaanza kupanda mlima imekuwa nyepesi.

Getini malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, kupitia simu au benki, wala si kwa fedha taslimu, hivyo mtu aje akiwa na salio la kutosha katika simu yake. Viwango hubadilika mara kwa mara na ni busara kuuliza kabla ya kusafiri, lakini jambo la kukumbuka katika bajeti ni kwamba ada ya mwongozaji ni tofauti na kiingilio. Wapo wanaoiona kama mzigo usio wa lazima. Nawaambia waziwazi kwamba mwongozaji ndiye nusu ya thamani ya ziara hii, kwa sababu msitu mnene humfumba macho asiyeuzoea, na mambo mengi niliyoyaona yangenipita huku nikiyatazama.

Njia inayopendwa na wengi, na ambayo naipa alama za juu kabisa, ni ile ya maporomoko ya Sanje. Inaanzia kijiji cha Sanje, kilomita kama kumi kabla ya Mang'ula kwa anayetoka Kidatu, kwa hiyo baada ya kukamilisha taratibu za makao makuu unahitaji usafiri wa kurudi nyuma. Bodaboda na bajaji zipo. Mpatane bei ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja kabla hamjaondoka, kwani dereva aliyetupeleka sisi aligundua mchana kwamba bei ya asubuhi ilikuwa ya upande mmoja tu, na mtu aliyetoka mlimani akiwa amelowa hana nguvu ya kubishana.

Mzunguko mzima wa Sanje huchukua takriban saa nne kwa mwendo wa kawaida, na zaidi kwa kundi kama letu, lililokuwa na shangazi yangu aliyestaafu ualimu na mtoto wa dada yangu wa darasa la sita. Sehemu ya kwanza ndiyo ngumu. Njia inapanda moja kwa moja, joto la bonde bado linawafuata, unyevu unazuia jasho kukauka, na miti imejifunga juu kiasi kwamba upepo haufiki. Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa makamo ya miaka ishirini na ushei, na baada ya kumwamkia shangazi na kujua kwamba alikuwa mwalimu, hakumwita jina jingine hadi jioni. “Mwalimu, hapo usishike shina, lina miiba. Shika mzizi huo wa kushoto,” alimwambia kwenye mahali pa kwanza penye mteremko mkali, na kweli, shina lililoonekana laini kwa mbali lilikuwa na vinundu vyenye ncha kuanzia chini hadi juu ya kichwa cha mtu. Kila baada ya mwinuko alisimama bila kuombwa, akaonyesha kitu: mmea unaotambaa, unyayo, tundu lililochimbwa usiku. Shangazi alipumzika bila kulazimika kusema kwamba amechoka. Huo ni ustadi wa kazi, na mtu haupati kwa kusoma ramani.

Sauti ya maji husikika muda mrefu kabla maji hayajaonekana. Kisha miti inaachana na maporomoko yanajitokeza yote, mita 170 za maji yanayoshuka juu ya mwamba mweusi, yakivunjika njiani na kugeuka ukungu unaowafikia mahali mliposimama. Wengi hupiga picha hapo na kuridhika. Ningemshauri msomaji asiishie hapo, kwa sababu uzuri wa Sanje hauko katika kuyatazama maji kwa mbali bali katika kuogelea kwenye vidimbwi vyake. Maji ni ya baridi ya kukatisha pumzi, ni maangavu hata kokoto za chini zinahesabika, na baada ya jasho la kupanda hakuna malipo mengine mtu anayoyataka. Miamba ya pembeni ina utelezi mkali, na mtoto asiachwe aruke atakavyo. Mwongozaji atawaonyesha mahali salama pa kuingilia. Ukiendelea hadi juu, bonde la Kilombero linafunguka lote: miwa imepangwa katika viwanja vya mraba, mpunga baada yake, na vijiji vimejipanga kando ya barabara. Kutoka pale mtu anaona wazi jinsi msitu unavyokoma ghafla pale mpaka wa hifadhi unapofika, na shamba linaanza hatua moja baadaye.

Wanyama wanaofanya Udzungwa istahili safari ni jamii ya nyani na kima. Mbega mwekundu wa Udzungwa hapatikani popote duniani isipokuwa katika milima hii na misitu michache ya bonde la Kilombero, na wala huhitaji kupanda sana ili kumwona, kwani makundi yake huja karibu na makao makuu na maeneo ya kupiga kambi. Tuliwakuta wakila majani machanga juu ya mti mmoja, mikia imening'inia chini, nywele nyekundu zimesimama juu ya paji la uso mweusi, na mmoja aliyekuwa na mtoto tumboni alitukagua kwa muda, akakata shauri kwamba hatuna maana, akaendelea kula. Wanaporuka hawachagui tawi kwa uangalifu kama kima. Hujitupa tu kwa mikono iliyotandazwa, majani yanapasuka kwa kishindo, na mtu wa chini hushtuka kana kwamba mti unaanguka. Katika msitu huohuo wamo mbega weusi wenye mabega meupe, kima, nyani wa manjano, na mangabe wa Sanje, ambaye sayansi haikumtambua hadi mwaka 1979 na ambaye hayupo nje ya Udzungwa. Mangabe hutembea sana ardhini na kuonekana kwake ni bahati, ingawa lipo kundi lililozoeshwa watu kwa ajili ya utafiti. Anayemtaka yeye hasa aseme mapema makao makuu, ili apangiwe mwongozaji na muda unaofaa.

Msomaji akidhani kwamba milima hii imeshajulikana yote, ajue kisa cha kwale wa Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti wa ndege kutoka Denmark waliona ndani ya chungu cha kitoweo miguu ya ndege ambayo hawakuweza kuitambua, wakafuatilia, na ikawa ni ndege asiyewahi kuandikwa na sayansi, ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Waliompika bila shaka walimjua vizuri zaidi kuliko watafiti. Mwaka 2005 kamera zilizotegwa msituni zilinasa picha za sengi mkubwa mwenye uso wa kijivu, mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga, naye akatangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2008. Karibu na Mang'ula kuna kituo cha ufuatiliaji wa ikolojia kilichoanzishwa mwaka 2006 kwa ushirikiano na jumba la makumbusho la Trento, Italia, na kazi ya kuhesabu na kuchunguza viumbe hawa inaendelea. Kwa wazazi hili ni jambo la kuzingatia: mtoto aliyekwenda nasi hakuuliza tena habari za simba baada ya kusikia kwamba kwenye mlima alioukanyaga bado wanapatikana wanyama wasio na jina.

Malazi ndiyo sehemu dhaifu ya safari, na hapa sitasifu nisichokiona kuwa kizuri. Kuna maeneo ya kupiga kambi, kuna kambi za binafsi zenye mahema na vibanda, na kuna nyumba za wageni za bei nafuu Mang'ula na katika vijiji vya jirani. Nyumba tuliyofikia, ambayo sitaitaja, ilituahidi kwa simu maji ya moto na chandarua kwa kila kitanda. Maji ya moto yaligeuka kuwa ndoo iliyoletwa baada ya kuombwa mara tatu, na chandarua kimoja kilikuwa na tundu la kupitisha mkono. Bonde la Kilombero lina mbu wa kutosha, kwa hiyo beba chandarua chako au dawa ya kupaka, na usione haya kukagua chumba kabla ya kulipa. Chakula, kwa upande mwingine, hakina lawama. Mchele wa Kilombero unasifiwa nchi nzima, na kuula ukiwa umepikwa hapohapo na mama ntilie, kwa samaki wa mtoni na mchuzi wa nazi, ni sababu tosha ya kutobeba vyakula vya makopo kutoka mjini.

Kuna jambo moja ambalo mtalii wa ndani hulielewa haraka kuliko mgeni. Vijiji vimegusana na mpaka wa hifadhi, na hadi mwaka 2011 wananchi waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu ya wiki kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo iliondolewa ili msitu upumue, na mzigo wa kutafuta nishati nyingine ukabaki kwa kina mama wa vijijini. Tembo nao wanashuka kutoka milimani kuelekea Hifadhi ya Nyerere upande wa pili wa bonde, wakipita katikati ya mashamba ya watu, na chini ya barabara mpya kimejengwa kivuko kwa ajili yao. Ukiajiri mwongozaji wa pale, ukala kwa mama ntilie, ukanunua ndizi na machungwa ya kupandia mlimani kwa wauzaji wa barabarani, fedha yako inabaki kwa watu wanaolipia uhifadhi huu kila siku. Bei zao hazihitaji kupunguzwa.

Kuhusu majira, kiangazi cha Juni hadi Oktoba kina njia kavu na ukungu mdogo, na ndicho kinachowafaa wenye watoto na wazee. Masika, kati ya Machi na Mei, hujaza maporomoko hadi yatishe, lakini njia huwa telezi mno na sehemu nyingine si salama. Ningechagua Juni mwanzoni, mvua zikiwa zimekwisha na maji bado mengi. Viatu viwe na meno. Raba zilizokwisha soli zitakuangusha hata kiangazi. Asiyeweza kupanda Sanje anaweza kuchukua njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, yaliyoko karibu na makao makuu na yaliyopewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyeizindua hifadhi. Ni ya kawaida tu, sitamdanganya mtu, lakini mbega wengi wanapatikana njiani. Kwa wenye nguvu na muda kuna njia ya Mwanihana, kama kilomita 38, inayochukua siku tatu na kupanda hadi zaidi ya mita 2,000, ambako mianzi na ukungu huchukua nafasi ya miti mikubwa; hiyo hupangwa na hifadhi mapema, na hema, chakula na nguo za baridi hubebwa kutoka chini.

La mwisho ni la ratiba. Mabasi mengi ya kwenda Dar es Salaam hutoka Ifakara asubuhi, hivyo mtu hawezi kupanda Sanje na kuondoka siku hiyohiyo kwa raha. Panga kulala Mang'ula usiku baada ya kupanda, au upande gari la jioni hadi Morogoro na uchukue treni ya kesho yake, ambayo tiketi yake ni bora ikatwe kabla hujaondoka nyumbani, hasa wikiendi na sikukuu.